Imeili Iliyosomwa Uwanjani

Ole wangu na haraka zangu! Nilikuwa karani wa usalama kwenye kampuni ndogo ya uchorongaji wa miamba huku Geita, na asubuhi ile ratiba ya zamu ilikuwa imechelewa. Shoga yangu, mtunza stoo, alikuwa amenijibu kwenye imeili ileile ya ratiba, akiomba nimwondoe chumba cha kemikali. Nikamwondoa, nikaifowadi kwa msimamizi, nikaenda zangu kunywa chai kantini, pale uwanjani. Kwamba maneno yake bado yalikuwa chini ya ratiba, wala sikuwaza.

Sasa, wachorongaji wetu hawana imeili za ofisi. Msimamizi huchapa kila kinachotoka kwetu, akawasomea uwanjani kabla ya kazi. Na yule baba ni msomaji wa masomo kanisani, haruki hata nukta. Akasoma ratiba, akasoma habari za glavu mpya, akageuza karatasi na kuendelea kwa sauti ileile ya glavu:

"Dada, nina mimba ya miezi mitatu. Baada ya zile mbili zilizoharibika, naogopa hata kusema. Mume wangu hajui. Nitamwambia Jumapili, tukienda kwao Tinde."

Mungu wangu! Mume mwenyewe, mchorongaji, alikuwa mstari wa mbele, na kusikia Tinde tu akajijua. Akavua kofia ngumu, akairusha juu, ikamwangukia fundi mitambo. "Ni mimi huyo? Wabeja! Wabeja sana!" akashukuru kwa Kisukuma. Mama wa kantini akapiga vigelegele, vijana wakambeba juujuu mpaka getini, na mimi, mkosaji, nikacheza na kikombe mkononi, nikicheka mpaka machozi.

"Tulieni, bado mstari mmoja," msimamizi akasema. "'Tafadhali dada, hili libaki kati yetu.'"

Kikombe kikanitoka mkononi.

Nikamkuta shoga yangu mlangoni pa stoo. Alikuwa amesikia yote. Hakunitukana, na laiti angenitukana.

"Nilishafanya mazoezi ya kumwambia," akasema. "Kila siku, mbele ya kioo."

Nikaomba radhi mpaka ulimi ukakauka. Kisha nikamvizia mumewe, nikamsihi Jumapili ajifanye hajui kitu, amwache mkewe aseme kwa mdomo wake. Akaapa, huku bado anacheka peke yake.

Jumatatu hata begi sikuweka chini, nikakimbilia stoo.

"Enhe, alishtuka?"

Akaendelea kupanga maboksi ya glavu.

"Alijitahidi, dada," akasema. "Alijitahidi sana."