Maji Safi ya Chunya Yaliyogeuka Bluu

Maji yale hayakuwa na rangi wala harufu. Yakaingia kwenye mashine yangu, yakatoka bluu kuliko sampuli zote za mwaka ule.

Ndiyo kazi ya ile mashine. Inachanganya maji na kemikali zake yenyewe. Kukiwa na fosforasi, yanageuka bluu. Bluu ikikolea, namba inapanda. Wewe unakunywa chai.

Namba: 0.41. Nikarudia mara tatu. Ileile.

Mimi ni mkemia, maabara yetu iko Mbeya mjini. Machozi siyaamini, naamini namba.

Kijiji kimoja cha Chunya kilitaka jibu moja tu. Je, ng'ombe wa Budeba, Msukuma aliyehamia akitokea Usangu, ndio wanaochafua kijito? Ikiwa ndiyo, anahama yeye na familia yake.

"Kinyesi kina fosforasi," nikamwambia Saida, msaidizi wangu. "Mchezo umeisha."

"Madam Damari, kule juu wanaosha dhahabu. Aseniki, ile sumu ya kwenye mawe yao, nayo inatoa bluu humu. Tuweke dawa ya kuizima, turudie?"

"Tupoteze nusu siku? Umemaliza chuo juzi, unaifundisha mashine kazi?"

Akarudi kuosha chupa. Nikasaini.

Ripoti niliisoma mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji.

Budeba akasimama. Akamvuta mkewe, Nyamizi, akamfungua kiganja mbele ya watu. Kilijaa vinundu vigumu kama punje za mahindi.

"Mwangaluka, madam," akanisalimu Kisukuma. "Hivi navyo ni ng'ombe? Ndama wangu wanakufa. Kuna mtu anayejiwekea sumu mwenyewe?"

"Mzee, hayo ni ya hospitali. Mimi napima maji."

Watu wakaangua kicheko.

"Mpake samli, Budeba! Si unayo debe zima?"

Mwenyekiti, mzee Sifaeli, akampa siku saba. Kisha akaniuliza kama sasa maji yatafaa.

"Ng'ombe wakishaondoka, chemsheni tu."

Miezi minane baadaye wakaleta sampuli nyingine. Walitaka cheti ili wavute bomba.

Hakukuwa na ng'ombe hata mmoja kijijini. Mashine ikasoma 0.43.

Sikumwita Saida. Niliweka ile dawa kwa mkono wangu, nikarudia.

Bluu ikayeyuka. 0.02.

Karibu yote ilikuwa aseniki, ileile inayootesha vinundu viganjani. Na aseniki haiondoki kwa kuchemsha: maji yanapungua, sumu inabaki sufuriani.

Nikampigia Budeba. Alikuwa ameshafika Rukwa.

"Huku ndama hawafi tena, madam."

"Na mama Nyamizi?"

"Yeye hakufika. Tulimzika njiani. Wale walionicheka, bado wanakunywa palepale?"

Nikamwambia ndiyo.

"Haya," akasema, akakata simu.

Kesho yake nilikuwa Chunya. Sifaeli alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mashine yako ilitudanganya."

Kuitikia kungekuwa rahisi mno.

"Hapana, mzee. Mashine ilipima bluu, na bluu ilikuwepo. Neno ng'ombe niliandika mimi."

"Na watoto tuliowachemshia?"

Nikamwambia wafunge kijito siku hiyohiyo. Akauliza watu mia nne wanywe nini kesho. Hilo sikuwa nimelipima.

Ninyi mnaoshika vipimo, nawaambia nikiwa na akili zangu timamu: namba haijawahi kumfukuza mtu. Anayemfukuza ni yule aliyeona uvivu kuirudia.

Saida sasa ndiye anayesaini. Mimi naosha chupa.