Stop ni Nani? Telegramu Iliyomweka Mama Juani Mazinde

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Nimeona vijana humu wanauliza kwa nini kwenye string, yale maandishi ya ndani ya programu, ukiandika \n haitokei n, mstari unakatika tu. Nikamkumbuka Mzee Elia.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu kijana kule Kwai, Lushoto. Mzee Elia ndiye balozi wetu wa nyumba kumi. Mgeni akilala kwako bila yeye kujua, umejitafutia kesi.

Mama alikuwa amelazwa Tanga. Dada akatuma telegramu, ikapitia ofisi ya kijiji:

MAMA KAPONA STOP ANAKUJA JUMAMOSI STOP MPOKEE MAZINDE

Mzee Elia akaniita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwalimu, huyu Stop ni nani?"

Nikadhani ananitania. Wapi!

"Mama kapona, sawa. Stop anakuja Jumamosi. Stop mpokee Mazinde. Mbona hukuniarifu? Ni Mzungu?"

Nikamweleza kwamba hiyo stop ni nukta tu, kwenye telegramu huandikwa kwa neno, si mtu. Akaniangalia kama anamwangalia mtu aliyekamatwa na magendo.

Jumamosi tukateremka wote hadi Mazinde, chini barabarani basi linaposimama, yeye na mgambo wawili wa kumkamata Stop.

Basi likafika. Mama akashuka, amekonda, anajishikiza mlangoni. Nikataka kumkimbilia, mgambo akanizuia. Mwenzake akaingia ndani, abiria wakashushwa mmoja mmoja na kuulizwa majina.

Mama kakaa juu ya kifurushi chake, jua linamchoma. Nilihofia ataanguka palepale.

Basi likaondoka. Stop hakupatikana.

"Elia," mama akasema, "hata maji ya kunywa hunipi?"

Mzee akainamisha kichwa, akaenda mwenyewe kumtafutia maji.

Lakini tukiwa tunapanda mlima alinisogelea taratibu.

"Mwalimu, tuseme kweli ni nukta. Sasa mtu akitaka kuandika neno stop lenyewe, anafanyaje?"

Nikahamishia kifurushi cha mama bega la pili.

"Unaona?" akasema. Hadi anafariki hakuniamini.

Vijana, swali lake ni ndugu wa hilo mnalohangaika nalo. Backslash, hiyo alama ya \, inaiambia mashine kinachofuata ni amri, isikisome kama herufi. Ukitaka backslash yenyewe itokee, andika mbili: \\.

Nilichojifunza: kabla hujatumia alama, hakikisha anayesoma anaijua. Asipoijua atajaza maana yake mwenyewe, na anayeumia anaweza kuwa mama yako.

Nani mwingine hapa alama imemponza? Karibuni tusikie.