Udi wa Mwadhini

Nilijua mume wangu anaoa. Nilijua kabisa, na nilishaanza kumtafuta huyo mwanamke hapa hapa mtaani kwetu Tandika, nyumba kwa nyumba, kwa macho tu. Mwanamume ambaye tangu anioe hajawahi kushika sabuni ya kufulia, ghafla anafua seruni zake mwenyewe na kuzianika nyuma ya choo. Halafu udi. Baba Anwar chetezo nilikuwaga namsogezea mie, siku za Ijumaa na sikukuu. Sasa anajifukiza mwenyewe kila akitoka, hata akienda dukani kununua vocha. Mzee wa umri wake ananukia hivyo, mwenzangu, wewe ungefikiri nini?

Watu wa huku wanamjua mume wangu, Mwishehe, kwa sauti kabla ya sura. Ndiye mwadhini wa msikiti wetu mdogo tangu Anwar, mtoto wetu wa kwanza, hajaota meno. Mie mwenyewe nilimpendea hiyo sauti. Nilimsikia anasoma maulidi kwa shangazi yangu Buguruni, nami nipo uani na wanawake wenzangu, sijamwona hata kidevu. Nikamwambia shangazi, huyo kama hajaoa mie nipo. Sura nilikuja kuiona baadaye na wala haikunisumbua.

Basi akaanza kukosa. Kwanza Alfajiri, halafu Magharibi, mwisho akawa haadhini kabisa, anaswali chumbani mlango umefungwa. Mtaani wakasema kagombana na kamati kuhusu spika mpya. Mie nikasema kamati wapi, huyo kuna mtu anamharibia dini. Nikanuna. Chai nikawa namwekea tu bila kumkaribisha, na yeye chai yenyewe haimalizi, anaonja kidogo anaiacha. Ndiyo nikazidi kuumia, nikasema kumbe huko anapikiwa nzuri zaidi.

Aliyenifumbua macho ni Shamimu, binti wa Anwar, anayesuka nywele kwenye saluni moja Mtoni. Kwetu mjukuu na babu yake ni watani. Tangu mdogo Shamimu anamwita babu yake "mume wangu" na mie "mke mwenzangu", na anamuulizaga mambo ambayo Anwar akiyawaza tu uso unamshuka kwa haya. Siku hiyo alikuja kututazama, akamkuta babu yake anatoka chooni, na kabla hajakaa vizuri anarudi tena. Akamfuata mkekani akamwuliza, mume wangu, huko chooni umehamia au umemweka mke mdogo? Wakacheka. Mie nipo jikoni nakuna nazi, mara nikasikia hawacheki tena.

Akanijia amepunguza sauti. "Mke mwenzangu, mume wetu haoi mtu. Mkojo haumtoki, na ukitoka haukomi."

Nilikaa palepale kwenye mbuzi ya nazi. Shamimu akanieleza yote. Babu yake husimama chooni mpaka miguu inamchoka, panatoka matone. Akidhani amemaliza akatawadha, akirukuu tu linamtoka tone jingine, na udhu umekwenda. Kwa hiyo msikitini hakanyagi. Seruni alizifua ili nisizione. Udi ulikuwa wa kuficha harufu. Chai na maji alijinyima akidhani asipokunywa hatakojoa. Nilimwonea huruma mpaka machozi yakanitoka, na hapohapo nilimkasirikia. Mtu unalala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, anaona bora umdhanie ana hawara kuliko umjue anaumwa.

Tulipoanza kumsema aende hospitali akajibu kwamba Buguruni kuna mtu anauza unga wa mizizi, anautangaza kwa kipaza sauti, unatibu tezi dume, kiuno na mikosi. Nikamwambia dawa inayotibu mkojo na mikosi pamoja anywe yule anayeiuza. Tukabishana hivyo mpaka Ijumaa asubuhi, mkojo ulipoziba kabisa. Tumbo likawa gumu chini ya kitovu, jasho linamtiririka. Hakubisha tena. Anwar akaita bajaji.

Hospitali walimpitishia mpira, mkojo ukaingia kwenye mfuko, nami nikauona uso wake unarudi. Daktari alikuwa kijana wa watu wa Mtwara, jina lake Cyprian. Alimpa mzee shikamoo kabla ya kumgusa, hilo nililipenda. Alimpima kwa kidole, Baba Anwar akafumba macho kama mtoto wa sindano. Wakachukua damu, wakapiga picha ya tumbo. Cyprian akasema hawakuona dalili ya saratani. Ni tezi imekua, kama zinavyokua za wanaume wengi uzeeni, na imebana njia. Akampa vidonge vya kulegeza, akamwonya asiinuke ghafla maana vinaleta kizunguzungu. Wiki iliyofuata wakautoa mpira kumjaribu. Kufika mchana tumbo limekuwa gumu tena, wakaurudisha.

Ndipo Cyprian akatuketisha. Akasema tezi ni kubwa, kwa vidonge peke yake haoni matumaini. Akitaka, aishi na mpira, awe anakuja kubadilishiwa, ila wadudu wa maradhi nao hupenda njia hiyo. Au afanyiwe upasuaji, vyombo vipite kwenye njia ileile ya mkojo, wapunguze nyama inayobana, tumbo lisiguswe. Alipoanza kueleza mambo ya unyumba, Anwar akakumbuka kuna mtu wa kumpigia simu, akatoka. Baba Anwar akaangalia ukuta. Nikaona hapa nikinyamaza na mie tutarudi nyumbani na ujinga wetu. Nikauliza. Cyprian akajibu bila kupepesa macho: nguvu za wengi hubaki, japo hawezi kuapa, ila mbegu mara nyingi hurudi ndani badala ya kutoka. Damu kidogo huonekana siku za mwanzo, na wachache mkojo huwasumbua kuuzuia. Mume wangu akasema anakwenda kufikiri.

Kufikiri kwenyewe kukawa kujificha. Hata barazani hatoki. Mfuko kaufunika na taulo, adhana ikisikika anageukia ukutani. Aliyeshika nafasi yake ana kikohozi, anakatisha maneno, na kila anapokatisha namwona Baba Anwar anayamalizia kwa midomo. Hilo lilinishinda. Nikamwuliza unangoja nini?

"Nikikatwa sijui nitarudi mtu gani," akasema. "Na sasa hivi, mtu anayetembea na mkojo wake kwenye mfuko hasimami kuwaita watu kwa Mola wao."

Nikamkumbusha habari za baba yangu, mzee Mashaka. Uzeeni alikaa na sie, kwenye chumba hikihiki, naye mkojo ulikuwa unamtoka, akasusa msikiti kwa aibu. Mwishehe wakati huo mkwe mpya, hata kumtazama usoni anaona taabu. Lakini alichuchumaa mbele yake akamwambia mwenye udhuru hafukuzwi, wakati wa swala ukiingia ajistiri, atawadhe, waende. Akamshika mkono kila Ijumaa mpaka siku baba alipofariki.

"Baba yangu ulimtoa humu kwa mkono wako," nikamwambia. "Wewe nani akutoe? Na hilo la unyumba, watoto tumeshazaa na wajukuu ninao. Mie nilikupendea sauti, Mwishehe, na sauti haipiti huko anakotaka kupita Cyprian."

Jina lake huwa silitaji mbele yake. Alinitazama, kisha akacheka, akacheka mpaka akaushikilia mfuko. Halafu akalia, nami nikamwacha alie.

Adhuhuri ilipokaribia alitoka chooni ametawadha. Nikatia makaa kwenye chetezo mwenyewe, nikaweka udi, nikaitandaza kanzu juu yake. Mfuko nilikuwa nimeumwaga, nikaufunga pajani kwa kitambaa ili usicheze. Akatoka polepole, mkono ukutani. Nikakaa mlangoni nikisubiri. Sauti ilipoanza ilikuwa imekwaruza na pumzi fupi, ila ilikuwa yake. Muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara alisimama katikati ya kupima, akaniangalia. Nikainamisha uso kwenye khanga.

Aliporudi alivua kofia, akaniambia, "Mwambie Anwar aniombee tarehe kwa yule kijana."

Nikasema nitamwambia. Akaketi mkekani, akanyoosha mguu wenye mfuko, akaniomba chai. Nikamtilia kikombe kikubwa, akakinywa chote.