Dada Aliyeitwa Nyar Seme

Nilikuwa nikimfanyia kazi mpelelezi wa kibinafsi pale Milimani, nikitafuta watu kupitia picha zao za mitandaoni. Mteja mmoja alitaka tumtafutie dada yake aliyepotea. Nilimwona pichani akianika dagaa wa omena, nyuma yake mashua yenye jina la rangi nyekundu. Mashua hiyo niliijua, huegeshwa ufuoni Dunga. Nikampigia mteja simu, nikamweleza.

“Asante, omera!” akacheka. “Nyar Seme alidhani ziwa litamficha.”

Akakata simu. Nyar Seme, yaani binti wa kutoka Seme: hivyo ndivyo mwanamke huitwa kule alikoolewa. Kaka hamwiti dada yake hivyo. Nikamwandikia mwanamke yule, “Toka Dunga sasa hivi.” Ujumbe ulikaa bila kusomwa, nami nikaanza kukimbia kuelekea ziwani.