Mzizi Unaobebwa Kimya

Dada yangu mkubwa anashona suruali kwenye kiwanda cha EPZ, Athi River, na kila mwezi tumbo linamwangusha. Msimamizi wake alidhani anajifanya. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka likizo ya Aprili nilipomkuta sakafuni nyumbani kwetu Kangundo, ameuma pindo la leso asipige kelele. Sikupata mzaha wa kusema, na mimi nina mzaha hata wa matanga.

Daktari wa Machakos mjini alikuwa ameshaupa ugonjwa jina, endometriosisi. Nyama kama ile ya ndani ya mji wa mimba inaota nje yake, na kila mwezi inavuja damu humo humo. Akampangia upasuaji. Lakini dada anataka watoto, na kanisani alikuwa ameambiwa kwamba ukishakatwa huko ndani, umekwisha. Kwa hivyo akamwomba Susu, nyanya yetu, amchemshie ule mzizi wa wanawake. Ukimponya, haendi hospitali.

Susu akanituma mimi nikauchimbe.

"Susu, kwani unatuma redio?" dada akauliza, amejikunja kwenye kochi.

Alikuwa na haki. Anayeuchimba mzizi huo haongei wala hasalimii mtu mpaka chungu kichemke. Mimi shuleni nimewahi kuadhibiwa kwa kuongea usingizini.

"Ndiyo ajue," Susu akasema, akanipa jembe.

Mti wenyewe uko kule chini mtoni, na Susu amenikataza kuutaja. Nilichimba, nikafukia shimo, nikaufunga mzizi kwa majani ya ndizi. Nikipanda mlima nikakutana na mama mmoja wa kwaya, yule ambaye usipomsalimia habari hufika kwa padri kabla yako.

"Wakya," akasema.

Kwetu mkubwa akikuambia hivyo unajibu "Aa", basi. Hata mtoto anayeota meno anaiweza. Nikanyamaza.

"Kumbe siku hizi shule inafunza kiburi?"

Halafu akaona kile nilichobeba kwapani. Akatua mtungi wake wa maji, akatoka njiani, akasimama katikati ya mibuni mpaka nikapita. Hakuuliza mzizi ni wa nani.

Mbele kidogo, mwenye kibanda cha mboga alizima redio yake na kuinamisha kichwa. Bibi mmoja mzee akawavuta mbuzi wake mtaroni, na hata mbuzi wakanyamaza. Nimewaiga wanawake hawa tangu niko darasa la nne, mwendo wao, kukohoa kwao misani. Kumbe kila mmoja alimjua mtu aliyewahi kuunywa mzizi huo. Pengine mtu huyo ni yeye mwenyewe.

Chungu kilipochemka Susu akaniambia, "Ongea sasa." Nikamchotea dada kikombe.

Dada akanywa, akakunja uso, akalala mpaka jioni. Alipoamka alikuwa anacheka. "Susu, nimepona. Siendi."

Susu akakaa kando yake. "Umepumzika, mwanangu. Hujapona. Mimi nimeunywa tangu nikiwa msichana. Unanilaza, halafu mwezi ujao maumivu yanarudi. Nilizaa mara moja tu, na walioniita tasa wa mtoto mmoja walikuwa wengi. Hakuna aliyewahi kuniambia kile kitu kinaitwaje. Wewe umeambiwa, na kuna mtu amekubali kukifuata huko ndani. Nenda."

"Na nisipozaa?"

"Hilo muulize daktari. Mimi sijui."

Nilikuwa sijawahi kumsikia Susu akisema hajui.

Daktari alimwambia aache dawa za mizizi kabla ya upasuaji, na Susu mwenyewe akaimwaga iliyobaki. Uzazi, daktari alisema, hawezi kuuahidi, lakini mji wa mimba hataondoa. Siku yenyewe tulikaa kwenye benchi la wadi. Nesi akapita, "Habari, shosho?" Susu kimya. Mfagiaji akamsalimia, kimya. Mtu angedhani ni kiziwi. Mimi nilijua anabeba nini, hata bila mzizi kwapani, nikafunga mdomo nikambebea upande mmoja.

Wakamleta dada kwenye kitanda cha magurudumu, midomo imekauka. Akafungua jicho moja, akatuona tumejipanga kama sanamu.

"Redio imeharibika?" akauliza.

Susu akavuta pumzi ndefu, kisha akamgeukia nesi, mfagiaji, na ukuta wote wa wadi.

"Aa," akajibu.