Mashimo Tisa Nyuma ya Mkonge

Uwanja wa gofu wa Misugusugu haukuwa na jina rasmi. Walioujua waliuita Mashimoni, nao walikuwa wachache. Ulikuwa nyuma ya shamba la mkonge, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabara ya Morogoro, na aliyepita na basi hakuweza hata kuuhisi. Meneja wa shamba, Mzungu, ndiye aliyeamuru uchongwe kabla sijazaliwa. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wa vijana waliong'oa visiki.

Tangu wakati huo hakuuacha. Kwanza alikuwa kedi, akiwabebea Wazungu mifuko ya fimbo zao, kisha akawa mtunzaji wa uwanja. Shamba lilipotaifishwa na Wazungu wakaondoka, hakuna aliyemwambia aendelee na kazi, na hakuna aliyemwambia aache. Akaendelea.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na kupangiwa ofisi ya wilaya, Kisarawe, upande wa mipango. Nilikuwa na ndevu chache na maswali mengi. Nilihoji vitabu vya Wazungu, nilihoji hotuba za wakubwa wangu, nilihoji hata wale waliozihoji hotuba hizo kwa sababu niliona wanahoji vibaya. Nyumbani walikwisha kunizoea. Mama akiniona nimekaa kimya aliuliza kama naumwa.

Ndipo likaja agizo la watu kuhamia pamoja. Kaya zilizotawanyika kati ya Misugusugu na lile shamba zilitakiwa kujenga kijiji kimoja, nyumba kwa mistari. Palikuwa na sehemu mbili za kuchagua. Moja ni kilima cha mkonge mkuukuu, uliokwisha kuachwa, wenye visiki vya kung'oa. Nyingine ni Mashimoni, palipokuwa peupe tayari. Kamati ya wilaya ingefanya mkutano wa hadhara Jumamosi na kuamua papo hapo, na mimi ningekuwamo.

Alhamisi baba mdogo akaniita. Nilimkuta shimo la kwanza, ameshika ubao wenye mpini mrefu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Msomi, umekuja uwanjani na viatu vya ofisini?"

"Ndivyo nilivyo navyo."

"Vua. Hapa hata meneja hakukanyaga na visigino."

Alitaka nicheze mzunguko mmoja kabla ya kusema lolote kuhusu uwanja ule. Nilitaka kumwambia kwamba mtu halazimiki kula sumu ili aseme ni sumu. Badala yake nikavua viatu.

Nitaueleza uwanja kama nilivyouona siku ile, maana sidhani kama kuna aliyewahi kuuandika. Maji ya kumwagilia nyasi laini hayakuwapo, kwa hiyo kila shimo lilizungukwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu kutoka mitambo ya kuchambulia mkonge. Mchanga ule ulikuwa mweusi, mgumu, ukinuka gereji. Kabla ya kusukuma kipira kuelekea shimo, mchezaji alivuta ubao na kujilainishia njia. Akimaliza, alifuta nyayo zake zote kwa ajili ya anayefuata, hata kama hakuna anayefuata. Baba mdogo hakuwa na mzaha katika hilo. Nilipoacha nusu ya unyayo shimo la pili, alisimama akiutazama mpaka nikarudi.

Shimo la tatu lilivuka bonde, na kipira kikikosa nguvu kilipotelea kwenye matete. La tano lilikuwa fupi sana, lakini mikonge iliyochipuza milingoti ilisimama pande zote kama uzio, na upepo uliingia humo ukazunguka, ukakuchezea wewe na kipira chako. La saba ndilo lililonishika. Ulipiga kutoka mwinukoni, na mbele yako bonde lote la Ruvu lilikuwa wazi, na moshi wa treni ukipanda taratibu upande wa Soga. Nilipiga kipira kibaya mno. Hata hivyo nilibaki nimesimama pale kwa muda, na kwa mara ya kwanza mwezi ule sikuwa na la kuuliza.

Halikudumu. Tukiwa njiani kwenda la nane nikamwuliza, "Walikukataza kucheza hapa?"

"Walinikataza. Kedi habebi fimbo yake."

"Halafu wameondoka, na wewe bado unawatunzia."

"Nani kakwambia nawatunzia wao?" Alicheka kidogo. "Miaka kumi na tano nilimwonyesha Mzungu apige wapi. Upepo nilimsomea mimi, mteremko nilimsomea mimi. Akishinda anapigiwa makofi, akishindwa anatukanwa kedi. Walipoondoka nilikaa wiki nzima nikizunguka tu. Siku nilipopiga cha kwanza, pale mwanzo kabisa, niliangalia nyuma kwanza kama mwizi. Kilienda vizuri lakini."

Waliocheza wakati huo walikuwa watatu: yeye, karani wa mizani, na dereva wa trekta. Walikutana Jumapili, wakiwa na fimbo nne kwa wote. Kila mmoja alihesabu mapigo yake mwenyewe na kuyataja kwa sauti, hata aliyopiga vichakani bila kuonekana. Nilimwuliza nani anahakikisha. Akaniangalia kama mtu niliyemwuliza nani anahakikisha anaposali.

Shimo la tisa lilipokwisha tulikaa kwenye gogo, na hapo akalitoa lililomfanya aniite.

"Jumamosi watakuuliza wewe. Mimi nikisimama watasema mzee wa Wazungu anatetea michezo ya Wazungu. Wewe watakusikiliza. Waambie kile kilima kina udongo, na kiko karibu na kisima. Akina mama watatoka huku Mashimoni na ndoo kila siku mpaka kule? Visiki tutang'oa. Mimi mwenyewe nitang'oa, nimeshawahi."

"Na uwanja?"

"Uwanja uachwe. Shule ikijengwa watoto wacheze. Wacheze chochote. Ila usilimwe." Akapangusa mchanga mikononi. "Nina nini kingine mimi, mwanangu? Hebu niambie."

Nilimwahidi. Na sikumwahidi ili kumridhisha, kwa sababu kabla ya kumjibu nilikwenda mwenyewe kuhesabu hatua mpaka kisimani na nikaona anasema kweli.

Jumamosi mkutano ulifanyika ndani ya banda la kiwanda. Watu walijaa hadi nje. Mwenyekiti wa kamati alieleza agizo, akazitaja sehemu zote mbili, kisha akasema, "Tunaye kijana wenu, msomi wa ofisi ya mipango. Atupe ushauri wa kitaalamu."

Nikasimama. Chuoni tulifundishwa kwamba mjadala wa haki huanza na hoja ya upande wa pili. Unaijenga kwa nguvu zote, kuliko hata wenyewe wangeijenga, ndipo unaibomoa. Sikuwahi kuzungumza kwa namna nyingine mbele ya watu. Basi nikaanza. Nikasema uwanja ule ulichongwa kwa jasho la watu ambao hawakuruhusiwa kuukanyaga kwa raha zao. Nikasema ardhi tambarare kuliko zote katika eneo hili ilitengwa ili watu wanane wasukume kipira kidogo shimoni, huku wakulima wakisukumwa kwenye makorongo. Nikauliza: je, tuendelee kuitunza kumbukumbu hiyo?

Nilikusudia kupumua, halafu niseme, "Lakini."

Makofi yakalipuka. Akina mama wakapiga vigelegele. Mtu wa nyuma akaita, "Hapana!" na banda zima likaitikia hapana. Mwenyekiti alikuwa ameshasimama, mkono juu. "Uhuru!" Watu wakajibu, "Na kazi!" Nikainua kidole nikasema, "Ndugu mwenyekiti, sijamaliza." Akanishika bega kwa upole kabisa. "Kaa, kijana. Umesema vya kutosha. Usiharibu."

Nikakaa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikaa. Ningeweza kupaza sauti. Ningeweza kusubiri ukimya na kuomba nafasi tena. Nimejiambia kwamba nilizidiwa na kelele, na ni kweli kelele zilikuwapo. Lakini ni kweli pia kwamba makofi yale yalinipendeza. Katika maisha yangu yote ya kuuliza, hakuna aliyewahi kunishangilia, na dakika ile sikutaka kuwa yule anayewaambia watu wale kwamba hawakunielewa. Baba mdogo alikuwa ameegemea nguzo karibu na mlango. Hakupiga makofi, na hakutikisa kichwa pia. Aliniangalia tu, akisubiri niendelee, mpaka watu walipoanza kutoka.

Tulirudi pamoja kwa miguu. Tulipopita mitambo ndipo akauliza, "Ulikuwa unakwenda kusema nini?"

Nikamwambia yote. Nikamwambia kuhusu kisima na udongo, na hatua nilizohesabu. Nikamwambia kwamba waliong'oa visiki vya uwanja ule ndio wenyewe halisi, na kwamba kuulima ni kuwanyang'anya mara ya pili. Nilisema vizuri, na hakukuwa na mtu wa kunikatiza. Alisikiliza hadi mwisho, mikono nyuma.

"Maneno mazuri," akasema. "Ungeanza na hayo."

Tukaendelea kutembea.

Kijiji kikawa Mashimoni, na trekta lilipita huko wiki ya pili. Aliyeliendesha ni yule dereva aliyecheza nao Jumapili. Hakukuwa na mwingine. Watu waligawiwa viwanja vya nyumba, na mihogo ikapandwa katikati. Ilishika kila mahali isipokuwa kwenye maduara tisa yaliyonyweshwa oili miaka yote ile. Akina mama wakaanza safari za kisimani, ndoo kichwani, umbali uleule niliokuwa nimeupima.

Ofisi ndiyo iliyonituma kuandikisha wakazi. Nilikaa na meza na fomu, na baba mdogo akafika kwa zamu yake kama wengine, amevaa shati safi. Niliandika jina lake bila kumwuliza, na umri, na idadi ya watoto. Fomu ilikuwa na nafasi ya kazi. Nayo ningeweza kuijaza bila kuuliza, lakini sikujua niandike nini, na watu nyuma yake walikuwa wanasubiri.

"Kazi?" nikauliza.

Alitazama mihogo michanga nje ya dirisha. Hakuwa amelima hata siku moja tangu ujana wake.

"Andika mkulima," akasema.

Nikaandika.