Pengo la Kwenye Minyaa

Juzi, kwenye baraza la ardhi, nilimwona wakili akimtandazia ramani mteja wake, bibi wa Kigombe anayegombea hatua mbili za mpaka na watoto wa jirani yake aliyefariki.

"Mpaka wako ni upi, bibi?"

"Ua wa minyaa. Mume wangu na baba yao waliipanda pamoja, kila mche wameushika wote wawili."

Kidole cha bibi kikatembea juu ya karatasi, kikasita. "Mbona pengo silioni?"

"Pengo gani?"

"Nililokuwa nikipita kwenda kuomba moto kwa shoga yangu, mama yao. Wameliziba. Hizo hatua mbili wachukue, mwanangu. Wanifungulie pengo tu."

Wakili alikuwa na vipimo vyote, ila shambani hajawahi kufika. Waungwana wa sheria, ukanyageni mpaka kwa miguu yenu kabla ya kuutetea. Nilipotoka, bibi alikuwa bado anaipapasa ramani.